Sikio Langu Lilinidanganya

Siku niliyofunga ekzosi mpya nilirudi nyumbani nikiwa na uhakika kwamba pikipiki yangu imeongezeka nguvu. Sikuwa na shaka hata chembe, kwa sababu nilikuwa nimeisikia. Ile sauti nyembamba kama ya cherehani iliyokuwa ikitoka nyuma ilikuwa imegeuka mngurumo unaogonga kifuani, na kila nilipozungusha mkono wa mafuta nilijiona napaa. Wiki tatu baadaye, kwenye kilima ambacho nilikuwa nimekipanda kwa gia ya nne miaka miwili mfululizo, nikajikuta nashuka gia ya tatu. Kilima hakikuwa kimerefuka.

Chombo chenyewe ni pikipiki ya silinda moja, sisi (cc) 250, injini ya mipigo minne inayopozwa na hewa. Kabureta yake, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, ni ya mtindo wa zamani: pistoni ya kabureta inavutwa moja kwa moja na waya wa mafuta. Haina kompyuta wala sensa. Kukiwa na kosa, ni la fundi au ni langu, na katika habari hii karibu makosa yote ni yangu.

Nilikuwa na sababu mbili za kununua. Moja niliitangaza: uzito. Niliweka ekzosi ya kiwandani kwenye mizani ikasoma kilo 4.6, mpya ikasoma 1.9. Ya pili sikuitaja kwa mtu, nayo ni sauti. Nilitaka kusikika.

Ukizikata ekzosi hizi mbili ungeona ni vitu viwili tofauti kabisa. Ile ya kiwandani ndani ina vyumba na vijibomba. Moshi unaingia chumba cha kwanza, unageuka, unarudi, unaingia kingine, na kila kona inaumeza mlio kidogo. Ile mpya ni bomba moja lililotobolewa matundu mengi, limezungushiwa sufi ya nyuzi za kioo, basi. Niliinua nikachungulia, nikaona mwanga upande wa pili. Nikajiambia moshi unaopita wazi namna hii unatoka haraka, ukitoka haraka hewa mpya inaingia kwa wingi, na hewa ikiwa nyingi nguvu ni nyingi. Hesabu ilikuwa tamu. Niliyoisahau ni kwamba injini haichomi hewa peke yake.

Dalili zilianza mapema, ila sikutaka kuziona. Nikifunga mafuta ghafla kwenye mteremko, nyuma inapiga mabomu: pa! pa-pa! Wenzangu walicheka, nami nikaona ni mapambo. Nikiwa katikati ya mkono, kama nusu hivi, pikipiki inasita kidogo halafu inashika, kama mtu aliyejikwaa akajizuia. Asubuhi ilitaka choki, ile ya kuwashia injini baridi, muda mrefu kuliko zamani. Na sailensa yake ilikuwa inapanda na kushuka yenyewe. (Tuna neno la ajabu hapa. Kwa mafundi wetu sailensa ni ule mwendo wa injini ikiwa imesimama bila kuguswa mafuta, wala si kile chombo cha nyuma cha kupunguza kelele. Yangu wakati huo ilikuwa na sailensa mbovu na kelele nyingi, kwa hiyo neno lilinikosa pande zote mbili.)

Baada ya aibu ya kilima ndipo nikafungua plagi, ile inayotoa cheche ndani ya silinda. Kauri yake, ambayo ilizoea kuwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, ilikuwa nyeupe kama chaki. Mtu yeyote aliyewahi kushika spana anajua maana yake: mchanganyiko ni mwepesi, hewa nyingi, petroli kidogo, na moto wa ndani ni mkali kuliko inavyotakiwa.

Ili petroli iungue yote bila kubaki na bila kubakiza hewa, inahitaji hewa mara 14.7 ya uzito wake. Huo ni uwiano wa kwenye karatasi. Injini inatoa nguvu yake ya juu pale mchanganyiko ukiwa mzito kidogo, kwenye 12.5 hadi 13 kwa moja, kwa sababu petroli ya ziada inahakikisha hewa yote iliyoingia imepata mwenzake. Watengenezaji wengi wa pikipiki, hasa kwa ajili ya sheria za moshi na ulaji wa mafuta, huwa wanaiacha kabureta upande wa wepesi. Yangu ilikuwa hivyo. Ilikuwa imesimama karibu na ukingo tangu ilipotoka kiwandani, mimi nikaja na ekzosi nikaisukuma.

Mtu anaweza kuuliza: si kabureta inavuta petroli zaidi hewa ikizidi? Inavuta, ndiyo. Hewa inapopita kwenye koo jembamba la kabureta inaongeza kasi, mgandamizo unashuka, na petroli inanyonywa kutoka kwenye bakuli kupitia jeti, kipande cha shaba chenye tundu dogo linalopima mafuta. Hewa zaidi, mnyonyo zaidi. Lakini uwiano haubaki ule ule kila mahali, na jambo lililobadilika kwenye ekzosi halikuwa wingi wa hewa peke yake. Kilichobadilika ni mapigo.

Nilichelewa sana kulielewa hili. Moshi hautoki kama maji ya mfereji, unatoka kwa mapigo. Injini ya mipigo minne yenye silinda moja, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inatoa moshi mara 50 kila sekunde. Kila valvu ya moshi inapofunguka, wimbi la mgandamizo linakimbia kwenye bomba kwa kasi ya sauti, ambayo kwenye moshi wa moto ni kubwa kuliko ile ya hewani tuliyoizoea. Likifika mahali bomba linapopanuka au linapoishia, sehemu yake inarudi ikiwa imegeuka mnyonyo. Mnyonyo huo ukiifikia valvu katika muda ule mfupi sana ambapo valvu ya moshi haijafunga na ya hewa imeshaanza kufunguka, unasaidia kutoa mabaki ya moshi na kuvuta mchanganyiko mpya. Ukikosea wakati, likafika pigo la kusukuma badala ya kuvuta, moshi unarudishwa ndani. Ni suala la kuwahi na kuchelewa. Urefu wa bomba haubadiliki, lakini mzunguko wa injini unabadilika kila unapozungusha mkono, ndiyo maana kila ekzosi ina mizunguko inayoipenda na mizunguko inayoichukia. Yangu mpya ilipenda juu ya 7,000. Kilima changu kiko 4,500.

Kwa hiyo yale maneno ya vijiweni kwamba injini "inahitaji kubanwa nyuma kidogo ili ipate nguvu" siyakubali tena. Injini ya mipigo minne haihitaji kubanwa. Inahitaji wimbi lifike kwa wakati, na inahitaji kabureta iliyopangwa kwa ekzosi iliyopo. Mtu anafungua ekzosi, haigusi kabureta, pikipiki inapoteza nguvu chini, anahitimisha kwamba tatizo ni kukosa kubanwa. Nahisi imani hiyo inatokana kwa sehemu na injini za mipigo miwili, ambako ekzosi ni nusu ya injini: lile tumbo kubwa la bomba linarudisha wimbi la kusukuma mchanganyiko mpya uliokwisha kuvuka, ukarudishwa ndani ya silinda. Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ huko Ujerumani Mashariki, ndiye aliyeifikisha sayansi hiyo mbali mwishoni mwa miaka ya 1950. Dereva wake wa mashindano Ernst Degner alipokimbilia Magharibi mwaka 1961 aliondoka na ujuzi huo kwenda Suzuki, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za sisi 50. Bomba la moshi limewahi kuwa siri ya kutorokea nchi. Mimi langu nilifunga kwa nati mbili na haraka.

Na haraka hiyo ndiyo kosa langu la kwanza. Pale bomba linapokutana na kichwa cha silinda kuna gaskiti ya duara, ya shaba, inayobonyea ikikazwa. Imetengenezwa kubonyea mara moja. Mimi nilichomoa bomba la zamani, gaskiti ikabaki mahali pake, nikaona haina shida, nikafunga bomba jipya juu yake. Ile milio ya mabomu nilipoanza kuichukia, niliishughulikia wiki mbili nzima kwenye kabureta. Nikaongeza jeti, mabomu yakabaki. Nikabadilisha tena, bado.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee ambaye hata hakuinama. Aliniambia niiwashe, akachukua kitambaa kinene kilicholowa, akaziba mdomo wa ekzosi kwa sekunde mbili, akanyoosha kidole mbele: "Sikiliza huko." Tss-tss-tss. Moshi ulikuwa unatoka kwenye kiungo, na pembeni yake kulikuwa na masizi meusi ambayo nilikuwa nayafuta kila nikiosha pikipiki bila kujiuliza yanatoka wapi. Mahali panapotoa moshi panaweza pia kuingiza hewa, kwa sababu ya yale mawimbi ya mnyonyo. Ukifunga mafuta, petroli kidogo isiyoungua inateremka na moshi, inakutana na hewa mpya kwenye bomba la moto, inalipuka. Gaskiti mpya ilipunguza mabomu zaidi ya nusu. Wiki mbili zangu zilikuwa zimeishia kwenye kitu chenye upana wa sarafu.

Mzee akauliza: "Mwanangu, tangu ufunge hiyo ekzosi umegusa nini kingine?"

Nikamhesabia. Jeti kubwa. Skurubu ya kabureta. Na chujio la hewa nilikuwa nimetoa kifuniko chake ili lipumue vizuri.

"Vyote kwa pamoja?"

"Kwa pamoja."

"Basi hujatengeneza chochote. Umechanganya karata."

Alikuwa na haki, na karata zenyewe nilikuwa nimezichanganya vibaya. Chukua skurubu. Mtu aliyeonekana anajua aliniambia: ikiwa nyepesi, fungulia skurubu mzunguko mmoja itakuwa nzito. Nikafungulia. Ikazidi kuwa nyepesi. Ushauri ulikuwa sahihi, ila kwa kabureta nyingine. Kuna skurubu iliyo upande wa injini, mbele ya pistoni ya kabureta. Hiyo inapima mafuta, ukiifungulia unaongeza petroli. Na kuna skurubu iliyo upande wa chujio, nyuma ya pistoni. Hiyo inapima hewa, ukiifungulia unaongeza hewa. Yangu ni ya hewa. Zote zinafanana sura, zote zina springi, na zinafanya kazi kinyume. Siku hizi mtu akiniuliza azungushe upande upi, namuuliza kwanza iko upande gani.

Jeti nayo. Ya kiwandani ilikuwa 110. Nilisikia lazima "upande namba kadhaa", nikaweka 125, nikiamini nimeongeza kidogo tu, kumi na tano juu ya mia na kumi. Kwenye jeti za Keihin, kampuni ya kabureta, namba hiyo ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani 110 ni milimita 1.10. Lakini petroli inapita kwenye eneo la tundu, siyo kipenyo chake, na eneo linakua kwa mraba. Kutoka 110 kwenda 125 nilikuwa nimeongeza tundu kwa karibu asilimia 29. Pikipiki ikawa inagugumia mkono ukiwa wazi kabisa, inatoa moshi mweusi, na ile iliyokuwa inakwenda kilomita 30 kwa lita ikashuka hadi 24. Na kuna mtego zaidi: si watengenezaji wote wanaopima jeti kwa njia hiyo. Baadhi ya jeti za Mikuni namba yake ni kiasi cha mafuta yanayopita, wala si kipenyo, kwa hiyo kuchukua jeti ya kampuni moja ukailinganisha na ya nyingine kwa namba tu ni kujitafutia kesi. Na usizibue jeti kwa waya. Waya wa chuma unakwangua shaba, na jeti iliyoandikwa 110 inakuwa kitu ambacho hakina namba.

Tukarudisha kila kitu. Kifuniko cha chujio mahali pake, jeti 110, skurubu ikazwe taratibu mpaka ikae halafu ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu. Tukabaki na mabadiliko mawili tu: ekzosi na gaskiti mpya. Halafu mzee akanionyesha jambo ambalo naliona ni la thamani kuliko ekzosi yenyewe. Alichukua utepe mweupe, akaubandika kwenye mpira wa mkono wa mafuta, na mwingine kwenye kibebeo chake, akachora alama nne kwa kalamu: imefungwa, robo, nusu, robo tatu. Mwisho wa mkono hauhitaji alama, unaujua ukifika.

Kabureta ni kama kabureta nne zinazopokezana, na utepe unakuambia ni ipi inayosema. Kuanzia mkono umefungwa hadi kama moja ya nane, mwenye kauli ni jeti ndogo na ile skurubu. Kutoka hapo hadi robo, ni umbo la chini la pistoni ya kabureta, ule mkato wake. Robo hadi robo tatu ni sindano, ile inayoning'inia chini ya pistoni ya kabureta na kuziba sehemu ya tundu la petroli. Kuanzia robo tatu hadi mwisho ndipo jeti kubwa inapotawala. Zinaingiliana kidogo, lakini mgawanyo ndio huo. Mimi nilikuwa nimesumbuka na jeti kubwa kwa ugonjwa uliokuwa nusu mkono! Pale penyewe pa kilima. Jeti kubwa ilikuwa karibu haina habari.

Kazi ya sindano ilichukua alasiri moja. Ina mifuo mitano juu, na klipu inakaa kwenye mmoja wao. Ukishusha klipu mfuo mmoja, sindano inapanda juu, inaacha nafasi kubwa zaidi kwenye tundu lake, petroli inaongezeka. Kiwandani ilikuwa mfuo wa tatu. Tukaweka wa nne. Nikatoka, nikaangalia utepe, nikashika nusu mkono kwenye mwinuko, na kule kujikwaa kukawa kumetoweka. Sitaongeza chumvi: nilicheka peke yangu ndani ya helmeti.

Jeti kubwa tuliijaribu mwisho, na hapo nilifanya ujinga mmoja wa mwisho. Namna ya kusoma plagi kwa jeti kubwa ni kuweka plagi mpya, kwenda mkono mzima kwenye barabara tupu na salama, kisha kwa wakati mmoja kubana klachi na kuzima injini, ukasimama, ukafungua plagi hapo hapo. Mimi nilikwenda mkono mzima vizuri kabisa, halafu nikarudi taratibu mpaka kwa mzee ili tuitazame pamoja. Akaiangalia akaniambia: "Hii ni habari ya sailensa. Ya mkono mzima umeiacha kule." Plagi inakumbuka mambo ya karibuni tu. Nikarudia. Kipo pia kipimo kisichohitaji spana: ukiwa mkono mzima, rudisha mafuta kidogo sana. Pikipiki ikivuta zaidi badala ya kulegea, tundu la jeti kubwa ni dogo mno. Yangu ilivuta. Tukaweka 115, ambayo kwa hesabu ya mraba ni ongezeko la asilimia 9 hivi, na haikuvuta tena. Skurubu tukaigeuza robo mzunguko kwenda ndani, sailensa ikatulia.

Sasa nilikuwa na pikipiki inayokwenda. Nilitaka kujua inakwenda kiasi gani, na kwa kuwa nilishaacha kuamini masikio, nikatumia saa. Kilima kile kile, gia ile ile, kutoka kilomita 60 hadi 90 kwa saa, mara sita kila mpangilio, upepo ukiwa umetulia, tangi likiwa nusu. Ilinibidi kwa siku moja nirudishe mpangilio mbovu wa mwanzo ili niupime. Ekzosi mpya na kabureta isiyoguswa: sekunde 13.1 kwa wastani. Ekzosi mpya na ile jeti ya 125: 12.7. Ekzosi mpya na kabureta iliyopangwa: 11.6. Sekunde moja na nusu! Nilitembea na namba hizo mdomoni kama mtu aliyefaulu mtihani. Kila aliyesimama karibu nami alizisikia.

Katikati ya fahari hiyo nilisafiri nayo milimani, kwenye mita zaidi ya 2,000, na pikipiki yangu iliyopangwa kwa ustadi ikaanza kugugumia kama siku za 125. Huko juu hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano, lakini jeti haijui kwamba imepanda mlima. Inatoa petroli karibu ile ile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito. Niliishusha sindano kwa kurudisha klipu mfuo wa tatu kando ya barabara, mikono ikinuka petroli, nikaendelea. Nguvu iliyopotea kwa uhaba wa hewa haikurudi, maana hakuna jeti inayotengeneza hewa, ila kugugumia kuliisha. Nilipoteremka nilirudisha klipu mahali pake siku ile ile, kwa sababu kilichokuwa sawa kule juu kingekuwa chepesi huku chini.

Safari hiyo ndiyo iliyonionyesha gharama nyingine. Baada ya saa nne barabarani nilivua helmeti na masikio yakaendelea kulia mpaka nilipolala. Desibeli zina tabia ya kujificha: ongezeko la 10 ni nguvu ya sauti mara kumi, na kwa sikio la mtu ni kama kelele imezidi maradufu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 94 una saa moja. Sikuwa na kipimo cha kuaminika kichwani mwangu, lakini mlio wa masikioni ulikuwa kipimo tosha. Na ile sufi ya kioo ndani ya ekzosi inaungua na kupeperuka kidogo kidogo. Kadiri miezi ilivyokwenda kelele ilizidi kuchakaa, ikawa haina tena ule mngurumo wa kifuani bali mkwaruzo wa bati.

Nikavua ekzosi ili niijaze sufi upya. Kwa siku chache hizo nikarudishia ile ya kiwandani, pamoja na jeti ya 110, nikaweka klipu mfuo wa tatu na skurubu mahali pake pa zamani. Na kwa kuwa saa ilikuwa mfukoni na kilima kilikuwa njiani, nikapima. Ni jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu mwanzo: sikuwa na namba ya pikipiki kabla haijaguswa. Nilikuwa nimelinganisha ekzosi mpya iliyopangwa na ekzosi mpya isiyopangwa, nikaita tofauti hiyo faida ya ekzosi.

Sekunde 12.0.

Yaani ile sekunde moja na nusu niliyoitangaza mitaa yote, sehemu kubwa yake ilikuwa ni kuirudisha pikipiki mahali nilipoichukua. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikanywa maji. Halafu likanijia wazo ambalo hata sasa linanikera kwa urahisi wake. Nikafungua kabureta pale pale, nikashusha klipu mfuo mmoja, wa nne, bila kugusa kitu kingine. Ekzosi ya kiwandani, jeti ya kiwandani, sindano imepanda mfuo mmoja. Mara sita tena.

Sekunde 11.7.

Nikiangalia daftari, mipando sita ya mpangilio wowote ule ilikuwa inatofautiana yenyewe kwa yenyewe kwa sehemu mbili hadi tatu za sekunde. Kwa hiyo kati ya 11.7 na 11.6 hakuna kitu. Kilichokuwa kinaibana pikipiki yangu kwenye kilima kilikuwa mfuo mmoja wa sindano, na nisingehitaji kununua chochote.

Ekzosi mpya nisiionee. Juu ya mizunguko 7,000 ilikuwa na pumzi ambayo ya zamani haina. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka iliendelea kuvuta pale ya kiwandani inapochoka. Kwa mtu wa mashindano hiyo ni faida ya kweli. Uzito nao ni kweli, ingawa kilo 2.7 kati ya kilo kama 220 za pikipiki na mimi juu yake ni kidogo zaidi ya asilimia moja, na ningeweza kuzipata kwa kuacha mfuko wa spana nyumbani. Lakini mimi naishi chini ya 6,000. Kazini, sokoni, kilimani.

Nilimaliza kuijaza sufi, nikaifunga riveti zake, nikaiweka kwenye kona. Ilikaa huko mpaka kijana mmoja aliposikia kwamba ninayo na akaja kuitaka. Ana pikipiki ya sisi 250 kama yangu, kabureta ile ile. Nilimwekea ekzosi juu ya meza, na kando yake kibati chenye jeti ya 115, gaskiti mpya ya shaba na kipande cha utepe mweupe. Nikaanza kumweleza habari ya klipu, skurubu iko upande gani, kwa nini ashike nusu mkono akitazama alama. Alisikiliza kwa adabu mpaka nikavuta pumzi.

"Sawa, kaka," akasema, ameshaiinua anachungulia ndani kama nilivyochungulia mimi. "Lakini inaliaje?"

Nikamwambia ukweli: inalia vizuri sana.